Sura Nilizoziruka

Kitabu nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Mombasa, kwa shilingi 350. Jalada lilikuwa limekunjika pembe moja, na ndani mliandikwa jina la mtoto wa watu aliyekisoma kabla yangu. Kilikuwa The Hammer of Thor, cha mwaka 2016, cha pili katika vitabu vitatu vya Rick Riordan kuhusu kijana wa Boston aitwaye Magnus Chase, anayejikuta kati ya miungu ya kale ya watu wa kaskazini mwa Ulaya. Cha kwanza nilikiazima, nikakimaliza kwa siku mbili, nikakirudisha kwa mwenyewe. Hiki cha pili kilinichukua miezi mitatu, kwa sababu sikukisoma peke yangu.

Mdogo wangu ni kiziwi. Mwaka 2006, akiwa na miaka mitatu, aliugua homa ya uti wa mgongo, na alipoinuka kitandani masikio yalikuwa yameshakwenda. Mtaani kwetu Likoni wakamwita bubu, na wapo wanaomwita hivyo mpaka leo, ingawa katika nyumba yetu hakuna msemaji kama yeye. Maneno yake yako mikononi tu. Mimi ndiye niliyeishika lugha ya ishara upesi. Mamangu alijua ishara za kula, kulala, njoo na acha. Kwa hiyo tangu nikiwa msichana mdogo nikawa sikio lake na mdomo wake: hospitalini, dukani, arusini, matangani.

Bibi yetu alikuwa hodari wa hadithi. Akishaswali isha hujinyoosha mkekani, taa imepunguzwa, akasema "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!" Mdogo wangu alikuwa akiitazama midomo yetu gizani. Sote tukicheka, hunivuta mkono: nini? Nami humjibu: nitakuambia kesho. Kesho ikifika, hadithi nzima ya Abunuwasi ilimfikia kwa ishara tatu. Mtu. Mjanja. Akashinda. Hakuwahi kulalamika, na mimi nikadhani ameridhika.

Sasa, katika kitabu cha kwanza cha Magnus Chase mna elfi mmoja, kiumbe wa hadithi mwenye umbo la binadamu, jina lake Hearthstone. Huvaa skafu yenye mistari myekundu na myeupe, hufanya uganga wa herufi za runi, na ni kiziwi. Wenzake huzungumza naye kwa ishara na hawaoni ajabu. Wakiwa vitani, wakiwa safarini, mikono inakwenda. Nilipomsimulia mdogo wangu habari hii hakuniamini. Kiziwi? Ndani ya kitabu cha mapigano? Na wala si wa kuhurumiwa? Hapo ndipo nilipomwahidi kwamba cha pili tutakisoma pamoja, mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa mwaka 2021, yeye ana miaka 18, mimi 23. Kiingereza anakisoma, lakini Kiingereza cha Riordan kimejaa mizaha ya vijana wa Marekani, na kwake Kiingereza ni lugha ya tatu.

Asiyewahi kumsomea kiziwi hajui kazi ilivyo. Huwezi kushika kitabu na kuongea kwa wakati mmoja. Nilikuwa nikikilaza kitabu mkekani, nikakibana kwa sahani, nikasoma ukurasa kimyakimya, kisha nikainua macho na kuanza kuusimulia kwa mikono. Stima ikipotea, hadithi imekatika. Lakini kuna raha yake pia. Ndani ya feri ya Likoni, ambako wenye masikio hupiga kelele mpaka sauti zikakauka, sisi tulisimuliana tukiwa pande mbili za umati, yeye kule kwenye pikipiki, mimi huku kwenye kreti za soda, na hakuna neno lililopotea.

Kwanza ilibidi wahusika wapate majina. Majina ya ishara hutolewa na viziwi wenyewe, na mdogo wangu aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Hearthstone alimpa ishara ya skafu inayozungushwa shingoni. Jack, ule upanga unaoongea, alikuwa kidole kinachochomoa kidani kifuani, kwa kuwa Jack asipohitajika hugeuka kidani. Loki, mungu wa hila, alimsumbua. Nikamweleza kisa ambacho Snorri Sturluson wa Iceland alikiandika karne ya 13: Loki aliweka dau kichwa chake na mafundi mbilikimo, akashindwa, akadai kwamba kichwa ni chao lakini shingo hawana haki nayo, fundi Brokk kwa hasira akamshona midomo. Mdogo wangu akafikiri kidogo, kisha akapitisha sindano ya hewani midomoni mwake, juu, chini, juu, chini. Tangu siku hiyo Loki ni hivyo.

Mamangu alikuwa akitutazama kwa mashaka. Miungu, miungu, kila siku miungu. Siku moja akauliza, "Kwani mwanangu, hiyo si shirki?" Nikamwambia habari za Samirah al-Abbas. Ni msichana Mwislamu wa Boston, familia yake imetoka Iraq, na ni valkiri, yaani mmoja wa wale wanaochagua mashujaa waliokufa na kuwapeleka Valhalla, ukumbi wa Odin, mkuu wa miungu hiyo. Ana mtandio wa hijabu unaoweza kumficha asionekane. Nae huwaambia wenzake wazi kwamba hawa wa Asgard, makao ya miungu hiyo, ni viumbe wenye nguvu tu, kwamba Mungu wake ni Mmoja na hayumo miongoni mwao. Mchumba wake anaitwa Amir Fadlan, na jina hilo halikuja bure mbele ya macho yangu: Ahmad ibn Fadlan alitumwa kutoka Baghdad mwaka 921, akafika mto Volga mwaka 922, akawaona watu wa Rus wakimchoma mkubwa wao ndani ya jahazi lake, akaandika aliyoyaona. Sehemu ya tunayoyajua kuhusu mazishi ya watu wale wa kaskazini tumeyapata kwa kalamu ya Mwislamu. Mamangu akasema "Kumbe," akavuta kigoda karibu.

Kilichomnasa hasa ni arusi. Katika kitabu, nyundo ya Thor, mungu wa radi, imepotea, na jitu Thrym liko tayari kuirudisha likipewa Samirah awe mke, mpango ambao Loki, baba yake Samirah, ameusuka. Mimi nilikuwa nimeshausoma utenzi wa kale ambamo kisa hiki kimechotwa, uliohifadhiwa katika kitabu cha ngozi kilichoandikwa Iceland yapata mwaka 1270, basi nikausimulia wote kwa mikono na kwa mdomo ili na mamangu asikie. Humo aliyetakiwa na Thrym ni Freyja, mungu wa kike. Freyja akafoka kwa hasira hata mkufu wake ukakatika. Heimdall, mlinzi wa miungu, akatoa shauri: avikwe Thor! Wakamvisha nguo za bibi arusi, wakamfunika shela, wakamtundika funguo kiunoni zikawa zinalia, na Loki akaenda naye akijifanya mtumishi wake.

"Somo wake!" mamangu akadakia. "Loki ndiye somo!"

Ndiye hasa, kungwi wa bibi arusi. Wakafika kwa majitu, karamu ikaandaliwa. Bibi arusi akala ng'ombe dume mzima, samoni wanane, na vile vitamu vyote vilivyowekewa wanawake, akateremshia mapipa matatu ya pombe ya asali. Thrym akashangaa: lini umemwona bibi arusi akila hivi? Somo akajibu kwamba bibi hajatia kitu kinywani usiku nane kwa hamu ya kuja huku. Jitu likainua shela libusu, likaruka nyuma ukumbi mzima, macho yale yanawaka moto! Somo akajibu kwamba hajalala usiku nane. Basi likaagiza nyundo iletwe, iwekwe mapajani mwa bibi arusi kumbariki. Yaliyofuata unaweza kuyakisia.

Mdogo wangu alikiigiza kisa hicho kwa wenzake viziwi Jumamosi moja, na mimi niliyekijua chote nilicheka kana kwamba sijawahi kukisikia. Alikuwa Thor anayejitahidi kutafuna kwa haya chini ya shela. Alikuwa jitu linalohesabu mifupa ya samaki. Katika utenzi, jina la Thor linatajwa na unaendelea. Mdogo wangu alikuwa amepata shingo ya Thor, mabega yake, namna anavyokalia kiti. Nilimwona mdogo wangu kama msimuliaji kwa mara ya kwanza siku ile, na hadi leo naona uchungu kwamba bibi yetu alikufa bila kumwona.

Halafu tukafika Alfheim, nchi ya maelfi.

Blitzen, rafiki wa Magnus na Hearthstone, amejeruhiwa kwa upanga wa Skofnung, na jeraha la upanga huo haliponi ila kwa jiwe lake. Jiwe liko nyumbani kwa Bwana Alderman, baba yake Hearthstone, ambako Hearthstone aliapa kutokurudi. Anarudi kwa ajili ya rafiki yake. Na hapo tunajua yaliyompata utotoni. Alikuwa nje na mdogo wake, Andiron. Alikuwa amempa mgongo, anacheza na mawe. Kiumbe cha kisimani kikatokea nyuma yao kikamuua yule mtoto, na Hearthstone hakusikia kitu. Baba akamtoza mwanawe kiziwi fidia ya damu: ngozi ya kile kiumbe ikatandikwa sakafuni, na kila unywele wake lazima ufunikwe na sarafu ya dhahabu. Sarafu huzipata kwa kufanya kazi, na huzilipa tena kwa kuishi, maana hata mlo una bei yake. Ishara za mikono baba hataki kuziona. Pale alipofia mdogo wake pana rundo la mawe, na juu yake jiwe la othala, runi ya urithi. Hearthstone hataki kulichukua.

Niliyasoma hayo mchana, peke yangu, nikitangulia kama nilivyozoea. Jioni ilipofika nikafungua kitabu mbele ya mdogo wangu, nikaruka sura zote hizo. Nikamwambia walikwenda, wakalipata jiwe, Blitzen akapona.

Akanitazama. Jiwe lilikuwa kwa nani? Kwa maelfi. Kwao Hearthstone? Ndiyo. Ikawaje? Hakuna la maana. Akanitazama tena, akasema: mikono yako imekuwa mifupi leo. Kisha akakitoa kitabu chini ya sahani, akaenda nacho chumbani.

Nilijiambia kwamba nimemkinga. Nani atamsomea kiziwi habari za kiziwi anayelaumiwa kwa kutosikia? Nilijiambia hivyo siku nne, yeye akiwa na kamusi mkono mmoja na kitabu mkono mwingine, anasoma mstari kwa mstari.

Usiku wa nne aliniita uani, chini ya taa ya nje. Akasema: leo mimi nasimulia. Akaanza. Ukizungumza kwa ishara unakipanga kisa mbele yako angani, huyu unamweka hapa, yule kule, na kila mtu hubaki mahali pake mpaka mwisho. Aliuweka mfereji mahali ulipo mfereji wetu. Aliziweka ngazi mahali zilipo ngazi zetu. Akajiinamisha kama anayeosha vyombo, mgongo umeelekea ngazini, na nyuma yake akamweka mtoto mdogo. Kitabuni hamna ngazi wala vyombo. Nikajua anasimulia nini.

Mwaka 2012 kitindamimba wetu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mamangu alivuka feri kwenda sokoni, akaniachia mimi nyumba, nina miaka 14. Nikamwambia mdogo wangu, wa miaka tisa, amtazame mtoto, nikatoka kwenda kwa jirani kuangalia tamthilia kwenye televisheni. Mtoto akapanda ngazi, akaanguka, akapasuka juu ya jicho kwa ukingo wa saruji. Alilia. Mdogo wangu alikuwa mferejini akiosha vyombo. Alipogeuka, mtoto ameshalowa damu.

Majirani walifika kabla yangu. Mamangu aliporudi, hukumu ilikuwa imeshapita: mtoto kaachiwa kiziwi. Akamgeukia mdogo wangu amuulize, na kwa kuwa hakuwa na ishara za kuulizia, akaniuliza mimi nimuulize. Nikamuuliza. Akajibu, mikono inatetemeka: dada hakuwepo, alikwenda kwa jirani, nilikuwa naosha vyombo. Mamangu akaniambia, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema hakusikia."

Nilimwambia mamangu kwamba mimi nilikuwa msalani. Kovu la kitindamimba lilipona. Lakini mdogo wangu hakuachiwa mtoto tena, wala wa kwetu wala wa shangazi, kwa miaka. Katika arusi na maulidi, wasichana wa rika lake wakipewa watoto wachanga kuwapakata, yeye alipitwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria sababu: wamechoka, mtoto amelala, baadaye. Unywele kwa unywele. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya lugha ya ishara kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, ila nyumbani kwetu ilikuwa na mkalimani mmoja tu, na mkalimani huyo alikuwa mshitakiwa.

Nilimuuliza pale chini ya taa: ulijua kwamba nilibadilisha maneno yako? Akasema alijua saa ileile. Nilipokuwa nikiongea na mama alinitazama midomo, na jawabu lake lilikuwa refu, langu likawa fupi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema: ningemwambia nani, kwa mikono ya nani?

Sikulala. Alfajiri nilimwona mamangu akitoka kuswali, nikamketisha, nikamwambia yote, pamoja na ile sentensi moja. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa ametazama viganja vyake, kisha akasema, "Nifundishe kumuuliza mwenyewe."

Ishara alizozitaka kwanza hazikuwa nyingi. Wewe. Mtoto. Siku ile. Kuanguka. Sema. Samahani aliijua. Tulizirudiarudia jikoni wiki nzima, vidole vyake vikiwa vigumu kwa miaka ya kukuna nazi na kusokota mikate. Jioni moja akaenda kukaa mkekani mbele ya mdogo wangu, akaziweka ishara zake moja baada ya moja, polepole, mbili amezikosea. Mdogo wangu akaangalia upande wangu. Nikatoka nikaenda kukaa kizingitini. Sijui alimjibu nini. Niliona tu vivuli vya mikono ukutani, na vilikwenda kwa muda mrefu.

Kitabu tulikimaliza baada ya hapo, na sasa tulikuwa tunapokezana: sura yangu, sura yake. Alfheim nilisimuliwa upya, yote, mpaka kule kwenye unywele wa mwisho unaofunikwa na pete ya mbilikimo Andvari. Nilimwonyesha kwamba hilo nalo ni la kale, kwamba katika visa vya Iceland Odin mwenyewe alifunika sharubu ya mwisho ya ngozi ya fisimaji kwa pete hiyohiyo, na kwamba pete ilikuwa na laana. Akasema laana ni ya baba, si ya mtoto aliyelipa. Nimelisoma lile fungu mara nyingi tangu siku hiyo, na nadhani amelielewa kuliko mimi.

Arusi ya mwisho wa kitabu sitaieleza, nisije nikamharibia mtu. Ilituchukua usiku mbili. Usiku wa pili mamangu alikuja na kigoda chake, akajipenyeza kati yetu, akampiga mdogo wangu begani amtazame. Akakunja ngumi kama anayeshika nyundo, akateremsha shela la hewani usoni pake, akapinda vidole kuuliza: ikawaje?

Mdogo wangu akasogea akakaa sawasawa. Akaanza tangu mwanzo, polepole, kwa ajili yake. Mamangu alishika labda nusu. Mara mbili aliniangalia, na mara zote mbili mikono yangu ilibaki mapajani.